Mgao wa Maji

Kijijini kwa baba yake, nje kidogo ya Ibra,
maji ya falaji hugawiwa kwa kivuli.
Kijiti kimesimama, mistari imechorwa chini;
kivuli kikigusa mstari wako, shamba lako linakunywa,
kikiupita, unaziba kwa jiwe na kitambara,
na hanuni mtu, maana hesabu ni ya jua.

Mimi nagawa kwa finjani.
Sita kwa siku, za kahawa, zile zisizo na mkono,
alizokuja nazo mama kutoka Unguja
zimeviringishwa ndani ya kanga.
Sita, na maji ya kumezea dawa yamo humo humo,
na supu imo humo humo,
na kipande cha tikiti, alisema Daktari Thuwaiba,
nacho ni maji, hata kikivaa nyekundu.

Mundhir ana miaka tisa.
Anajua maneno niliyoyajua mimi na utu uzima wangu:
figo, potasiamu, uzito mkavu.
Anajua kwamba khalasi ya nyuma ya jiko,
inayodondoka yenyewe mwezi wa saba,
si yake.
"Kuleni nyinyi," huwaambia wadogo zake, "mimi nahesabu kokwa."
Na kweli huhesabu. Jana zilifika arubaini na moja.

Jumapili, Jumanne, Alhamisi,
alfajiri tunaisali kituo cha petroli.
Njia nzima ya Maskati amelaza sikio
juu ya mkono wake wa kushoto,
pale walipounganisha mshipa na mshipa,
pananguruma chini ya ngozi.
"Nyuki huyo," husema.
Kila tukivuka daraja namuuliza: "Nyuki yumo?"
"Yumo, mama. Endesha."

Vitanda saba, mashine saba, katuni moja isiyo na sauti.
Sista Jincy kajifunza Kiswahili kwa bibi za wagonjwa:
"Pole, kidogo tu," na sindano imeshaingia.
Damu inatoka, inazunguka, inarudi,
saa nne,
na mwalimu wa wodi anauliza saba mara nane.

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Ruwaida wa Sur.
Kapewa figo na baba yake.
Siku ile tulipiga vigelegele mama sote,
kisha kila mmoja akageukia ukuta wake.
Damu yangu mimi bado iko maabara,
wiki ya tatu sasa,
inaulizwa kama inamjua mwanangu.

Baada ya Idi, mizani ikasema kilo mbili na nusu zaidi.
Mizani haijui Idi.
Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda:
"Mundhir, nani kakupa maji?"

Nilimpa mimi.
Umeme ulikatika adhuhuri, joto lilipanda ukutani,
ulimi wake umekauka kama chaki.
Nikampa bilauri nzima, ya baridi, inayotoka jasho ubavuni,
kisha nyingine, na kesho yake tena.
Nikamtazama koo likipanda na kushuka
na nikashiba mimi.

"Niliiba," akasema.
"Mama alikuwa amelala."

Daktari akaandika. Akaongeza saa nzima.
Saa ile ya tano misuli ya miguu ikamkaza,
nikaikanda, nikaikanda,
na mdomo wangu, wenye maneno mengi kwa kila mtu,
haukutoa hata moja.

Mimi kunywa kwangu ni chooni.
Nafunga mlango, nafungulia bomba liseme lenyewe,
naelekea vigae, nameza funda moja moja bila ya sauti
kama mla mchana wa Ramadhani.

Jana usiku akabisha.
"Mama, kunywa tu. Nakusikia kila siku.
Mgao ni wangu, si wako."

Nikafungua mlango, maji yamo mdomoni,
sijui niyameze
au niyateme.